Logi umeifuta, nafasi mbona hairudi?

ULIZA FUNDI

Mwezi huu karibu barua zote zinauliza kitu kimoja: diski imejaa, na mwenyewe haoni kilichoijaza. Ya kijana wa Kirumba naipa nafasi kubwa kwa sababu ina mambo mengi ndani. Nyingine nitazijibu kwa kadiri zinavyohitaji.

SWALI: Shikamoo mama fundi. Mimi nasimamia kamera kwenye stoo ya dagaa hapa Mwaloni. Tajiri aliweka kompyuta ya Ubuntu yenye SSD ya giga 240, inarekodi kamera sita usiku na mchana. Video za zamani programu inazifuta yenyewe, hazijawahi kuzidi giga 40. Lakini diski inajaa. Nikipiga df inaonyesha asilimia 100. Nikihesabu kwa du, tena kwa sudo (ruhusa ya msimamizi), napata giga 61 tu. Zingine ziko wapi? Tajiri anadhani naweka muvi zangu mle. Logi, yale maandishi ambayo programu inaweka ya kazi zake, siyo tatizo, maana niliweka kazi kwenye cron (kipanga-ratiba cha mashine) inayofuta logi ya rekoda kila Jumapili usiku, na nikichungulia folda ya logi iko tupu kabisa. Kingine cha ajabu: zamani umeme ukikatika, ukirudi na nafasi inarudi. Tangu tufungiwe sola na betri mwezi wa pili mashine haizimi tena, na hali ndiyo imezidi. Hivi ni virusi? Kijana wa kamera, Kirumba.

JIBU: Marahaba mwanangu. Virusi hakuna, na tajiri mwambie muvi hazihusiki. Barua yako nimeipenda kwa sababu jibu umeliandika mwenyewe, tena mara tatu, halafu ukalipita.

Kwanza tuelewane kuhusu hizo amri mbili, maana vijana wengi wanadhani zinapima kitu kimoja. df haihesabu mafaili. Inauliza mfumo wa faili swali moja tu: bloku ngapi, yaani vipande vya diski, zimeshikwa, ngapi ziko huru? Ndiyo maana inajibu papo hapo hata diski iwe kubwa namna gani. du inafanya kazi ya miguu. Inaingia folda kwa folda, inasoma kila jina inalokutana nalo, inajumlisha. Ndiyo maana inachelewa. Zikipishana sana, zote mbili bado zinasema kweli: kuna kitu kinachokalia bloku, lakini hakipo kwenye orodha ya folda yoyote unayoweza kuifungua.

Kinawezaje kuwa hakipo kwenye orodha? Kwenye Unix, mfumo ambao Linux kama Ubuntu yako inafuata nyayo zake, na hii ni tangu enzi za Ken Thompson na Dennis Ritchie pale Bell Labs, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili. Jina linakaa kwenye folda. Faili linatambulika kwa namba yake, inaitwa inodi, na kwenye inodi ndimo yalimoandikwa ukubwa, mwenye faili, na bloku zake zilipo. Ukipiga rm unaondoa jina. Mfumo unabaki na hesabu mbili: faili hili lina majina mangapi, na programu ngapi bado zimelifungua. Hesabu zote mbili zikifika sifuri ndipo bloku zinaachiwa. Chukua hapo hapo stooni kwenu: karani kalifuta gunia kwenye daftari, lakini mchukuzi bado kalikalia. Ukisoma daftari, gunia halipo. Ukitaka kupanga gunia jingine pale chini, hupati pa kuliweka.

Sasa rudi kwenye cron yako. Rekoda ilipowaka ilifungua logi yake, ikawa inaandika. Jumapili usiku cron ikaondoa jina. Rekoda haikuambiwa kitu. Ikaendelea kuandika kwenye faili lile lile, ambalo sasa halina jina, na itaendelea hivyo mpaka izimwe. Jumapili iliyofuata cron ikaja tena, haikukuta la kufuta, ikaondoka. Wewe ukachungulia folda, ukaiona tupu, ukafurahi. Mwanangu, programu inafanya kazi saa ishirini na nne halafu folda yake ya logi haina hata mstari mmoja? Hapo ndipo ulipotakiwa kushtuka.

Na umeme nao ndio huo. Ukikatika, rekoda inakufa pamoja na kila kitu. Mashine ikiwaka, ext4, yaani mfumo wa faili wa diski yako, inakuwa na orodha ya inodi zilizoachwa yatima, inazisafisha wakati wa kupachika diski (kuiunganisha na folda za mfumo), nafasi inarudi. Kwa hiyo kukatika kwa umeme kulikuwa kunakusaidia bila wewe kujua, na sola ikaondoa msaada huo. Wateja wakisikia hili wanacheka, lakini ndivyo ilivyo.

Maelezo peke yake hayatoshi, kwa hiyo nilimwomba kijana anitumie majibu ya amri mbili. Ya kwanza, df -h kwenye diski kuu. Ilisema ukubwa 219G, imetumika 208G, iliyobaki 0. Ya pili ni hii:

sudo lsof +L1

lsof inaorodhesha mafaili yaliyofunguliwa na programu zinazokimbia. Hiyo +L1 inaiambia ionyeshe yale tu yenye majina pungufu ya moja, yaani yasiyo na jina. Kulikuwa na mistari kadhaa midogo midogo ya kawaida, na katikati yake huu hapa:

rekoda 1187 kamera 4w REG 8,2 157840048128 0 1311274 /var/log/rekoda/rekoda.log

na mwishoni kabisa, ndani ya mabano, neno deleted. Tuusome polepole. Programu ni rekoda, namba yake 1187. Faili limefunguliwa kwenye mlango namba 4, na herufi w inaonyesha linaandikwa. Ile namba ndefu ni ukubwa kwa baiti. Igawe kwa 1,073,741,824 unapata giga 147 kamili. Sifuri inayofuata ndiyo idadi ya majina. Sasa chukua 61 za du, ongeza 147. Ni 208. Hesabu imefunga, hakuna kilichopotea.

Hapa vijana wengi wanakimbilia kuwasha upya, tatizo linaisha, na kesho kutwa wanarudi. Subiri kwanza. Faili halina jina, lakini maadamu rekoda imelishika, bado unaweza kulisoma kupitia mlango ule ule:

sudo tail -n 20 /proc/1187/fd/4

Kijana alipiga, akaona mstari mmoja unajirudia: kamera ya getini haijibu, inajaribiwa tena. Makumi ya mistari kwa sekunde. Akaenda getini, akakuta waya umetafunwa na panya. Stoo ya dagaa na panya, sikushangaa hata kidogo. Kwa hiyo tangu mwezi wa pili tajiri hana kamera ya getini, na giga 147 zote ni malalamiko ya programu ambayo hakuna aliyeyasoma, kwa sababu kila Jumapili kulikuwa na mtu wa kuficha ushahidi. Hiyo ndiyo sababu yangu ya kuchukia cron za kufuta logi kwa rm. Logi ikinenepa ghafla huwa ina habari ya kukupa.

Kurudisha nafasi ni rahisi. Kama unaweza kuvumilia sekunde chache bila kurekodi:

sudo systemctl restart rekoda

Kama hutaki kamera zikatike hata kidogo, limwage faili kupitia mlango wake:

sudo sh -c ': > /proc/1187/fd/4'

Namba 1187 na 4 ni za kwake. Wewe weka zako, na uzikague mara mbili kabla ya kugonga Enter. Njia hii ya pili naikubali kwa logi tu. Ukikuta kwenye lsof mafaili yasiyo na jina ya hifadhidata ya MySQL kule /tmp, yaache. Ile ni tabia yake: inafungua mafaili ya muda, inaondoa majina yenyewe, inafanya nayo kazi. Ukiyamwaga utaharibu kazi iliyo katikati. Na kuna programu nyingine zinazokumbuka zilikuwa zimeandika mpaka wapi. Ukizimwagia logi zitaanzia pale pale zilipofika, na ls itakuonyesha faili bado ni kubwa wakati ndani ni tundu tupu lisilochukua nafasi. Usishtuke. Pima kwa du badala ya ls.

Kijana alichagua kuwasha rekoda upya. df ikashuka kutoka asilimia 100 hadi 30.

Ile kazi ya cron ifute. Logi ina mtu wake wa kuitunza, anaitwa logrotate, na Ubuntu inakuja naye tayari. Tengeneza faili /etc/logrotate.d/rekoda, andika:

/var/log/rekoda/*.log {
    daily
    rotate 7
    maxsize 500M
    compress
    missingok
    copytruncate
}

Neno kubwa hapo ni copytruncate: logi inanakiliwa pembeni, halafu ile ya asili inamwagwa ikiwa mahali pake, bila kubadilishwa jina wala kufutwa. Rekoda haina haja ya kuambiwa chochote. Kasoro yake ni kwamba mistari michache inayoandikwa katikati ya kunakili na kumwaga inaweza kupotea, na inahitaji nafasi ya kuweka ile nakala. Kwa kamera za stoo hilo halina uzito. Kwa seva ya benki ningesema vingine.

Na waya wa getini upitishe kwenye bomba la plastiki.

SWALI: Dada, habari za Mwanza? Mimi ni mwalimu wa hisabati huku Sengerema, na kwa kuwa naonekana najua kompyuta, seva ya maabara nimetwishwa mimi. Inatumia Debian. Kila saa nane usiku skripti inanakili kazi za wanafunzi kwenda kwenye diski ya nje iliyopachikwa /mnt/nakala. Sasa diski ya ndani df inasema imejaa, du -x inasema nusu. Nimepiga lsof +L1, hakuna kitu cha maana. Nimewasha upya, hakuna kilichobadilika. Niifungie safari niilete? Mwalimu, Sengerema.

JIBU: Heshima yako mwalimu. Najua tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 mtu havuki tena kwa kuhesabu foleni ya kivuko, lakini mashine iache huko huko. Umefanya vizuri kuniambia kwamba kuwasha upya hakukusaidia, maana hilo peke yake linaondoa ugonjwa wa kijana wa Kirumba. Mafaili yako yana majina. Yamefunikwa tu.

Folda ya /mnt/nakala ipo hata diski ya nje isipokuwepo. Ni folda ya kawaida kwenye diski ya ndani. Ukipachika diski ya nje, inakaa juu ya ile folda, na chochote kilichokuwemo kinafunikwa. Nadhani kuna usiku, au siku nyingi za usiku, diski ya nje haikupachikwa: waya ulilegea, au umeme ulicheza, au mashine iliwaka kabla diski haijaamka. Angalia /etc/fstab, faili la orodha ya diski za kupachika, ukikuta neno nofail kwenye mstari wake, basi mfumo umeruhusiwa kuendelea na safari bila diski hiyo. Saa nane ikafika. Skripti yako haikuuliza kama diski ipo, ikamwaga nakala yote kwenye diski ya ndani. Kesho yake ukachomeka vizuri, diski ikakaa mahali pake, mzigo ukawa chini. df inauhesabu. du haina njia ya kuufikia.

Chungulia chini hivi:

sudo mkdir /chini
sudo mount --bind / /chini
sudo du -xh --max-depth=1 /chini/mnt/nakala

Ndani ya /chini unaiona diski ya ndani peke yake, bila vilivyopachikwa juu yake. Kama nimekisia sawa, mzigo utauona hapo.

Usikimbilie kufuta. Nakala za siku zile huenda hazipo popote pengine. Zihamishie kwanza zile ambazo diski ya nje haina:

sudo rsync -a --ignore-existing /chini/mnt/nakala/ /mnt/nakala/

Ukisharidhika ndipo ufute, na uhakikishe njia inaanza na /chini:

sudo find /chini/mnt/nakala -mindepth 1 -delete

Kisha sudo umount /chini, halafu sudo rmdir /chini. Mwalimu, hapa nakuomba kwa herufi kubwa: USITUMIE rm -r kuondoa /chini. Kama bado imepachikwa, hiyo /chini ni diski yako nzima, kuanzia mfumo mpaka mitihani ya kidato cha nne. rmdir haina madhara. Ikikuta kitu ndani inagoma, basi.

Ili isijirudie, mwanzoni mwa skripti weka mstari huu:

mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1

Diski isipokuwepo, skripti inaacha. Mimi naongeza na kufuli la pili: diski ikiwa haijapachikwa na folda ikiwa tupu, piga sudo chattr +i /mnt/nakala. Baada ya hapo hata root, yaani msimamizi mkuu wa mashine, hawezi kuandika kwenye folda hiyo tupu, lakini diski ikipachikwa juu yake kila kitu kinakwenda kama kawaida.

SWALI: Mambo fundi. Niko Musoma, nina seva ya kukodi yenye tovuti ya matangazo ya boti na injini. Ghafla wateja hawawezi kuingia kwenye akaunti zao, na logi inaandika "No space left on device". df -h inasema nimetumia asilimia 41 tu. Seva inanichezea?

JIBU: Poa. Piga df -i. Nina hakika karibu kabisa utakuta asilimia 100.

Kila faili linahitaji inodi moja, liwe la giga kumi au la herufi tano. Kwenye ext4 idadi ya inodi inapangwa siku diski inapofomatiwa, kwa kawaida moja kwa kila kilobaiti 16, na haiongezeki mpaka uongeze ukubwa wa mfumo wa faili wenyewe. Diski ya giga 20 inakuwa na inodi kama milioni 1.3. Zikiisha, huundi faili jipya hata kama nusu ya diski iko wazi, na ujumbe wa kosa ni ule ule wa kukosa nafasi. Tovuti za PHP zinatengeneza faili dogo kwa kila mgeni anayeingia. Debian na Ubuntu zina utaratibu wa kuyasafisha, lakini kama tovuti yako inajiwekea folda yake binafsi, huko hakuna anayefika.

Folda yenye mrundikano utaipata hivi:

sudo du --inodes -x / | sort -n | tail -20

Halafu ndani yake usipige rm *, maana majina yatakuwa mengi kupita kiasi na amri itakataa. Tumia find:

sudo find /njia/ya/folda -type f -mtime +7 -delete

Hiyo inafuta yaliyopitisha wiki bila kuguswa. Iache ifanye kazi, ikichukua nusu saa ni kawaida.

SWALI: Fundi, nimenunua diski ya nje Makoroboi, imeandikwa 500 GB. Nimeifomati ext4, df -h inasema 458G, na nafasi iliyobaki 435G wakati sijaweka hata picha. Nirudi kwa muuzaji? Msomaji, Igoma.

JIBU: Muuzaji hana kosa, mwache auze. Mtengenezaji anahesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja. df -h inahesabu giga kwa 1,073,741,824. Bilioni 500 ukizigawa kwa hiyo namba unapata 465 na ushee. Hizo inodi nilizomweleza wa Musoma nazo zinakatiwa kiwanja chake mapema, karibu giga 7. Unabaki na 458. Kisha ext4 inaweka akiba ya asilimia 5 kwa ajili ya root, ili mfumo usikwame mafaili yakijaa. Hizo ni giga 23. Hapo una 435.

Akiba hiyo ina maana kwenye diski yenye mfumo, na ndiyo ile giga 11 iliyokuwa inapelea kwa kijana wa Kirumba: 219 ukitoa 208, halafu df inasema imebaki sifuri. Kule nisingeigusa. Kwenye diski ya picha na muziki haina kazi, irudishe:

sudo tune2fs -m 0 /dev/sdb1

Hakikisha kwa lsblk, amri inayoorodhesha diski, kwamba sdb1 ndiyo yenyewe. Inafanya kazi mara moja, hupotezi kitu.

Flashi na kadi za bei ya kutupa ndizo za kuogopa. Kuna zinazojitangaza giga 512 wakati ndani zina 16, na df haiwezi kukwambia kwa sababu inaamini ilichoambiwa. Kabla hujalipa, au angalau kabla hujaondoka na risiti, ijaze kwa programu ya f3write, kisha uisome kwa f3read. Ukweli utatoka.

SWALI: Mimi napiga picha za harusi, natumia Mac. Nimefuta giga 90 za picha mbichi, nimemwaga na kapu la taka, nafasi haijaongezeka. Barua zako nyingi ni za Linux, Mac nayo unaijua? Mpiga picha, Capri Point.

JIBU: Mac nayo ni Unix, tena yenye cheti. Kama unatumia Time Machine, mfumo wa faili wa APFS unatunza kumbukumbu za hali ya diski ilivyokuwa, zinaitwa snapshot, na bloku za picha zako bado zimeshikwa na hizo. Ziangalie:

tmutil listlocalsnapshots /

Kwa kawaida hazizidi saa 24, na mfumo unazifuta wenyewe ukibanwa na nafasi. Kama harusi iko kesho na huwezi kusubiri, chukua tarehe iliyo ndani ya jina la kila moja, uifute kwa tmutil deletelocalsnapshots ikifuatiwa na tarehe hiyo. Wenye Linux Mint wanaotumia Timeshift, programu ya kutunza hali ya mfumo kwa namna hiyo, nao wachungulie upande huo. Huwa wanaiwasha siku ya kwanza kisha wanaisahau.

Wewe wa Magu uliyeandika "kompyuta imejaa nisaidie haraka", nitakusaidia, ila nitumie majibu ya df -h, df -i, lsblk, sudo du -xh --max-depth=1 / na sudo lsof +L1. Yanakili kama maandishi. Picha ya kioo iliyopigwa kwa simu chini ya taa siwezi kuisoma. Na uniambie ukiwasha upya nafasi inarudi au hairudi.